Ukoko Katika Halua ya Posa

Mkoroga mawili hupakua ukoko.

Methali hii ilianza hivi, alisema Bi Kazija, na kabla hajaendelea alimtaka Hafidhi aweke simu chini, maana hadithi nayo ukiipa mgongo inaungua. Ilikuwa mapumziko ya mchana katika ofisi ya mizigo. Asubuhi ile Saumu alikuwa akiandikisha mizigo kwenye mtambo wa kompyuta wa zamani, huku akiihamishia kwenye mtambo mpya, huku akijibu wateja kwenye simu mbili, na nguo za bibi harusi wa Tanga zikapakiwa kwenda Mtwara. Meneja aligomba. Saumu akalia, akasema yeye hajakaa kitako tangu ofisi ifunguliwe. "Ndiyo maana," Bi Kazija alimjibu. "Mkoroga mawili hupakua ukoko." Vijana wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Hafidhi alidhani bibi ameyatunga pale pale. Basi Bi Kazija, aliyekuwamo ofisini humo tangu zama za mihuri ya mpira, akavuta kiti.

Zamani, katika mji mmoja wa Pemba, alikuwako mpishi wa halua jina lake Faki Kombo. Kijana mrefu, mwepesi, mikono haitulii. Ukimwona akimenya lozi utadhani zinajimenya zenyewe. Alikuwa hodari, hilo tusimnyime, na mwenyewe alilijua kuliko watu wote. Ila yake ilikuwa moja: neno "siwezi" lilimkwama kooni kama mwiba wa changu. Mtu akija na shughuli yake, Faki hukubali kwanza, kufikiri baadaye.

Kazi hiyo alifundishwa na Fundi Shaame, mzee ambaye kwa miaka mingi haikufanywa harusi wala maulidi mjini bila ya halua yake. Bega lilipoanza kumsumbua, mzee alimwachia Faki jiko, kuni na mwiko wake mrefu kama kafi, akarudi nyumbani kupumzika. Huko nyumbani alikuwako binti yake, Raya. Raya alikulia kando ya moto ule. Angeweza kukaa ukumbini akajua, kwa harufu tu, kama iliki imetiwa mapema au imecheleweshwa, na hakuwa mtu wa kujua akanyamaza. Faki alimpenda kwa dhati. Alimpenda mpaka akaanza kuona haya kubisha hodi nyumbani kwa fundi wake, na Faki kuona haya lilikuwa jambo la kutolewa habari. Mwisho alimwendea ami yake, Mzee Haji, akamtuma kupeleka posa. Fundi Shaame akasema jibu litatolewa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri.

Sasa, wapishi wa halua wa mji ule walikuwa na desturi yao. Mpishi akiposa, halua ya siku ya jibu huipika mwenyewe, wala haipakuliwi jikoni. Huchukuliwa ndani ya sufuria lake, limefunikwa kitambaa, mpaka nyumbani kwa msichana. Hapo hufunuliwa mbele ya watu, na sahani ya kwanza, ambayo ni ya baba, huchotwa chini kabisa. Juu ya sufuria kila mpishi ni hodari. Juu unaweza kumwaga lozi na ufuta ukasifiwa. Chini ndiko kunakosema kama mwiko ulikuwa kazini au ulilala, na watu wale walitaka kujua hilo kabla hawajamtoa mtoto wao.

Faki aliijua desturi hiyo, wala hakuiogopa. Jumatano alinunua sukari, wanga, zafarani na samli ya kunukia, kisha akalisugua sufuria kubwa la shaba mpaka likawa linamwonyesha meno yake akicheka.

Jioni ile ile akaja Bwana Ngwali, mwenye maduka ya nguo. "Faki, kesho baada ya isha nina maulidi nyumbani. Nataka halua nyeupe ya kutosheleza wageni wangu."

"Itakuwepo, Bwana Ngwali."

Hata hajageuka vizuri, akabisha hodi Bi Zuwena. Mwanawe anasafiri Ijumaa kurudi Unguja kazini, hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu, anaomba halua nyeusi ya sukari guru, na anaitaka kesho.

"Utaipata, Bi Zuwena, tena mapema."

Bi Mize, jirani aliyekuwa akiuza mikate ya ufuta kizingiti cha pili, aliyasikia yote, kwa sababu Bi Mize alikuwa na masikio ya kazi hiyo. Akangoja wateja waondoke.

"Faki, kwani kesho si ndiyo siku yako ya jibu?"

"Ndiyo hiyo."

"Na hawa je?"

"Na hawa pia. Halua, Bi Mize, muda mwingi inajipika yenyewe. Mimi kazi yangu ni kuikumbusha tu."

Bi Mize akageuza mkate wake juu ya moto. "Haya, baba. Na wewe utakumbushwa na nani?"

Alhamisi, jua lilipochomoza, Faki aliwasha meko matatu. Masufuria mawili aliyaazima kwa watu. Na hesabu yake, ukiisikiliza, haikuwa ya kipumbavu. Shira ya huku ikichemka, kule atakuwa anachuja wanga. Wanga wa kule ukikolea, pale atakuwa anatia samli. Kila sufuria litapata zamu yake, na hapatakuwa na kitambo cha kukaa bure. Msicheke, aliwaambia Bi Kazija, hata ninyi hesabu hiyo mnaipiga kila asubuhi, tena na mimi nimewahi kuisifu.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Shira tatu zilichemka, Faki akipita baina yake na mwiko begani, akiimba. Wapita njia walisimama kumtazama. Mmoja akasema huyu si mtu, huyu ni watu. Faki alilisikia neno hilo na likamvimbisha kichwa.

Mambo yaligeuka wanga ulipoingia. Halua ikishatiwa wanga huwa nzito, na ikishakuwa nzito hutaka mtu wake awe nayo. Faki alikoroga la Bwana Ngwali, akakimbilia la Bi Zuwena, akakimbilia lake, akarudi la Bwana Ngwali. Na kila alipofika ilimbidi asimame kwanza ajiulize: hili nililiacha wapi? Samli nimekwisha kutia au nilikuwa naelekea kutia? Akachovya, akaonja, akatazama rangi, akasikiliza linavyotokota. Alipokwisha kuelewana nalo, la pili lilikuwa linamwita. Akaenda, na huko nako akaanza upya kuulizana hali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya asubuhi yake haikwenda katika kukoroga. Ilikwenda katika kufika.

Tena mwiko ulikuwa ule ule mmoja. Mwiko mwingine wa urefu ule hakuwa nao, na kuusuuza kila safari kulimchelewesha, basi akaacha kuusuuza. Sukari guru ya Bi Zuwena ikawa inasafiri kidogo kidogo kwenda kwa Bwana Ngwali. Halua nyeupe ikaanza kuwa na michirizi, halafu ikawa rangi ya chai ya maziwa. Faki aliiona, akajiambia usiku rangi haionekani. Kwa Bi Zuwena alitia samli, akaenda, akarudi, akawa hana hakika, akatia tena.

"Faki!" Bi Mize akamwita kutoka kizingitini. "Unakoroga au unasafiri?"

"Niko kazini, Bi Mize!"

"Jasho naliona. Halua ndiyo siioni."

Na lile sufuria lake mwenyewe, lile la posa? Hilo ndilo alilolipitia kidogo kuliko yote. Bwana Ngwali angelalamika, Bi Zuwena angelia, lakini halua ya posa ilikuwa yake, na chako mwenyewe hakikubishii hodi. Kila alipotaka kwenda kulikoroga, mojawapo ya yale mawili lilitoa mapovu. "Langu litangoja," akasema. Akasema hivyo tena na tena, na kila mara akiamini kwamba sasa hivi atalirudia.

Harufu ndiyo iliyomwita. Alitupa kichungi chini akakimbia, akazamisha mwiko, na mwiko ukateleza juu ya kitu kigumu, kinachokwaruza kama ukuta usiopigwa lipu. Ukoko ulikwisha kushika chini nzima. Alijua, kama ajuavyo kila mpishi, kwamba akiukwangua utapanda na kutia uchungu sufuria zima. Basi akapunguza kuni, akawa anakoroga juu juu, kwa adabu, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Akaongeza arki ya waridi na zafarani. Akamwaga lozi mpaka halua isionekane.

Akafunika kitambaa. Huku anakoga akajiliwaza: Fundi Shaame ni mtu wa huruma. Amenilea. Siku kama ya leo hawezi kutaka aibu, ataniashiria nichote juu. Akajiambia maneno hayo mpaka yakaanza kufanana na kweli. Masinia ya Bwana Ngwali na ya Bi Zuwena yalikwisha kuchukuliwa na wenyewe, naye hakuwa na nguvu hata za kufunga vifungo vya kanzu yake. Ami yake alimfungia.

Nyumbani kwa Fundi Shaame wanaume walikaa ukumbini, wanawake ndani, pazia katikati. Raya alikuwa nyuma ya pazia hilo pamoja na shangazi yake, Bi Mwanaidi. Waliamkiana, wakaombeana heri, Mzee Haji akasema maneno yake mazuri aliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Sufuria likawekwa katikati ya mkeka. Kitambaa kilipofunuliwa, watu wakasema "Mashaallah" kwa lozi zile.

Fundi Shaame hakutazama lozi. Akamnyooshea Faki sahani. "Nipakulie, mwanangu."

Faki akachota. Mkono wake ukaenda wenyewe juu juu.

"Chini," mzee akasema, kwa sauti ile ile ya upole.

Faki akamtazama. Huruma aliiona usoni pa mzee, tena nyingi, lakini hakuona mahali pa kupenyea. Akazamisha kijiko mpaka kikagota. Akasukuma, kikalia krr, ukumbi mzima ukasikia. Kilichotua kwenye sahani kilikuwa kipande cheusi kilichoshikamana, chenye halua nyekundu kwa juu kama kilichovishwa nguo ya kuazima.

Mzee Haji ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. "Ah, ukoko! Sisi tulipokuwa watoto tukiupigania ukoko."

"Wa wali, ndugu yangu," alisema Fundi Shaame. "Wa halua umepata kuona nani akiupigania?" Akauvunja kwa vidole, akatia kipande kinywani, akatafuna taratibu, akameza. Hilo ndilo lililomuumiza Faki kuliko matusi. Mzee akapangusa vidole.

"Faki, leo umekoroga masufuria mangapi?"

"Matatu, fundi. La Bwana Ngwali, la Bi Zuwena, na hili."

"Nilikufundisha mimi hivyo?"

"Hukunifundisha. Nilitaka nisimkatalie mtu."

"Ulipokuwa kwenye la Bwana Ngwali, ulikuwa ukifikiri nini?"

Faki akainamisha kichwa. "Nilikuwa nikifikiri la Bi Zuwena."

"Na ulipofika la Bi Zuwena?"

"Hili."

"Na ulipofika hili?"

"Nilikuwa nikifikiri kama nimetia samli kule." Akaweka kijiko chini. "Fundi, Mungu shahidi, leo sikukaa hata kidogo. Sijapata kuchoka hivi tangu nizaliwe."

"Naamini. Umechoka kuliko mtu aliyepika." Mzee alisema hivyo bila kumkejeli. "Mwanangu, wewe si mvivu, wala si mpishi mbaya. Lakini halua haikutaka mikono yako tu. Ilitaka uwepo. Nawe leo hukuwepo mahali popote, ulikuwa njiani kutwa. Mkoroga mawili hupakua ukoko. Na wewe umekoroga matatu."

Neno ndilo hilo, na ndipo liliposemwa mara ya kwanza. Lakini lililoliweka vinywani mwa watu si hilo peke yake. Pazia lilitikisika, akatokea Bi Mwanaidi, akajitanda vizuri mtandio wake, akasimama mbele ya wanaume. "Nimetumwa," akasema. "Raya anasema hajakataa, na hajakubali. Ana swali moja kwa Faki. Anauliza: nikiwa mke wako, mimi nitakuwa sufuria la ngapi?"

Faki alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na jibu la haraka, na hilo, kwa kweli, ndilo lilikuwa jambo lake la kwanza la maana siku ile. Alikuwa amelipitia mbio jambo lililokuwa likimkosesha usingizi, akalifanya la mwisho, kwa kuwa tu halikupiga kelele.

"Nipeni nafasi nimjibu kwa kazi," akasema mwishowe. "Nipike tena."

Bi Mwanaidi akaingia ndani, minong'ono ikaenda ikarudi, akatoka. "Anasema upike Jumamosi, hapa uani kwetu, sufuria moja. Na ukishatia wanga, usimwitikie mtu mpaka uipue."

"Hata akija mkubwa wake?" akauliza Mzee Haji, aliyejali adabu.

"Hata akija mkubwa wake. Wa kuitikia tupo sisi."

Ijumaa ilikuwa siku mbaya. Bwana Ngwali alikuja jikoni na sinia lake mwenyewe: wageni wake walikuwa wameuliza kama halua ile ni nyeupe iliyoungua au nyeusi iliyochujuka, na shehe mmoja alikula huku amefumba macho. Bi Zuwena naye akaleta habari kwamba samli ilivuja ndani ya mkoba wa mwanawe, ikaloa mpaka mashati. Faki aliomba radhi kwa kila mmoja, akaahidi kuwapikia upya, mmoja baada ya mwingine. Alipokuwa akitembea kwenda kurudisha masufuria ya watu, alimkuta Bi Mize akimweleza mteja, kwa sauti ya kuwatosha wateja wote: "Ndiyo, shoga yangu. Mkoroga mawili hupakua ukoko." Faki akapita na masufuria yake, akaongeza mwendo.

Jumamosi asubuhi aliwasha jiko moja uani kwa Fundi Shaame. Mzee alikaa kibarazani na kikombe chake cha kahawa. Bi Mize, ambaye hakualikwa, alikuja na kiti chake. Faki akachemsha shira, akachuja wanga, akautia, akashika mwiko kwa mikono miwili. Tangu hapo hakuna aliyemsikia sauti.

Mwanzo ilikuwa taabu. Miguu yake ilikwisha kuzoea safari; kila baada ya kitambo iligeuka yenyewe kutafuta sufuria la pili, ambalo halikuwapo. Akili nayo ikawa inaruka: je, la Bwana Ngwali nilipike Jumatatu? Kuni zitatosha? Akairudisha. Ikaruka, akairudisha. Halafu, bila yeye kujua ni lini hasa, ikatulia. Akaanza kuyaona mambo ambayo tangu uanafunzi wake alikuwa hajayaona: jinsi halua inavyovuta pumzi kabla ya kupasuka povu, jinsi inavyokuwa nzito upande mmoja moto ukiegemea, jinsi inavyokuambia yenyewe sasa nipe samli, sasa basi. Hakuhitaji kuuliza ilikuwa wapi. Walikuwa pamoja tangu mwanzo.

Halua ilipokuwa ikikaribia kujitenga na ukingo wa sufuria, hodi ikabishwa mlangoni. Bwana Ngwali tena. Alikuwa amekwisha kusahau hasira, na alikuja na neno kubwa.

"Faki! Nimepewa shughuli ya futari ya msikiti mzima wa Ijumaa, mwezi wote wa Ramadhani. Halua nataka iwe yako. Lakini nijibu sasa hivi, mpishi wa mtaa wa pili ananingoja."

Kazi kama ile Faki alikuwa akiiota. Mabega yake yalitikisika. Kila mtu uani aliona. Nyuma ya dirisha la chumbani, Raya alishika ubao wa dirisha.

Mwiko haukusimama. Faki hakugeuza hata shingo.

"Faki, nakusemesha wewe!"

"Bwana Ngwali," akasema Bi Mize, akimsogezea kiti chake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, "huyu hayupo. Yuko kwenye halua. Kaa, akirudi utamwambia."

Bwana Ngwali alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na hakuzoea kungojeshwa. Alisimama, akakunja uso, akatazama mlangoni. Halafu ile harufu ikamfikia, harufu ya zafarani na iliki zilizotiwa kwa wakati wake. Akakaa. Fundi Shaame akamimina kahawa ya pili.

Halua iliiva jua likiwa halijafika utosini. Ilijiviringisha yenyewe kuzunguka mwiko, ikaacha kuta za sufuria zikiwa safi, ikang'aa kwa samli iliyoanza kujitoa juu. Alhamisi, saa kama ile, Faki hakuwa na hata nusu ya sufuria moja. Akaipua, akaweka mwiko, akajifuta uso. Hakumwaga lozi juu. Akachukua sahani, akazamisha kijiko mpaka chini, na kijiko kikateleza pasipo kugota. Chini ilikuwa nyekundu ile ile ya juu.

Fundi Shaame alikula. Akakomba sahani kwa kidole, jambo ambalo watoto wake hukatazwa. "Naam," akasema tu.

Faki akageukia dirisha lile, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Raya aliniuliza swali. Jibu langu ni hili: moja tu. Hakuna la pili."

"Hapo umejifunga kamba, mwanangu," akasema Mzee Haji, na uani kote watu wakaangua kicheko, wanawake kuliko wanaume. Bi Mwanaidi hakuhitaji kutumwa mara nyingine. Vigelegele vilitoka chumbani kabla ya jibu, na cha kwanza, wanasema waliokuwapo, kilikuwa cha Raya mwenyewe, ijapokuwa si desturi.

Ndipo Faki akamwendea Bwana Ngwali. "Shikamoo, Bwana. Nisamehe. Nilikuwa kazini. Ulikuwa ukisemaje?"

Bwana Ngwali alikuwa na sahani mkononi na kinywa kimejaa. "Nilikuwa nikisema," akajibu alipoweza, "yule wa mtaa wa pili aendelee kuningoja."

Faki na Raya walioana. Lile jiko likabaki na moto mmoja tu, na kando yake Raya alining'iniza mwiko ule ule mmoja. Wateja wakija wawili, wa pili huambiwa, "Karibu, keti, zamu yako inakuja," na mtu akilalamika, Faki humwambia maneno ya mkwewe. Ajabu ni kwamba halua iliyotoka jikoni humo kwa mwezi ikawa nyingi kuliko ile ya siku za mbio, kwani hapakuwa na ya kumwagwa, wala ya kuombea radhi, wala ya kupika mara mbili. Alhamisi ile moja ya haraka ilikuwa imekula wiki nzima ya kutengeneza alichokiharibu.

Hadithi ya Bi Kazija ikaishia hapo. Chai yake ilikwisha kupoa, wala hakuijali. Saumu alikuwa akitazama meza yake, ile mitambo miwili inayong'aa na zile simu mbili.

"Lakini Bi Kazija," akasema, "Faki alikuwa na jiko lake. Mimi masufuria nimewashiwa na meneja."

"Hilo ni kweli, na meneja nitakwenda kumsimulia mimi," Bi Kazija akajibu. "Yeye alidhani nilipokuwa nikimwomba mtu wa simu nilikuwa nikitania. Kazi yako wewe ni kutokubali kuwa njiani kutwa."

Mapumziko yakaisha. Saumu akauvuta ule mzigo wa bibi harusi, uliokwisha kuteremshwa kwenye gari la Mtwara, uandikiwe upya, akazima mtambo mmoja, akaanza kuandika: jina, mtaa, mji. Harusi ilikuwa Jumapili, na nguo bado zilikuwa na muda wa kufika kama hazitakosea njia tena. Simu ya kwanza ikalia. Ya pili ikaidakia. Hafidhi akaita kutoka dirishani kwamba kuna mteja ana haraka, anataka ajibiwe sasa hivi.

Saumu hakuinua macho. "Mkoroga mawili," akasema.

Hafidhi akamgeukia mteja, akamsogezea kiti. "Hupakua ukoko," akaitikia. "Karibu, mzee wangu. Zamu yako inakuja."